Ruta inayokatakata intaneti nyumbani: soma taa kabla ya kuizima

Ruta ikikata, wengi hukimbilia soketi: chomoa, hesabu hadi kumi, rudisha. Mara nyingi intaneti inarudi, na kesho yake inakata tena. Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba inafuta ushahidi. Taa zilizokuwa zikionyesha hitilafu zinawaka upya kama hakukuwa na neno, na fundi akija anakuta kila kitu kizima. Kwa hiyo kabla hujagusa waya wowote, zipige picha taa zote kwa simu, andika saa, ndipo uendelee.

Kwanza, jua ni kipande gani kimekatika

Intaneti yako ina vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka kwenye simu au kompyuta hadi kwenye ruta. Cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma: faiba, laini ya 4G, au antena iliyoko juu ya paa. Cha tatu kinaanzia kwa mtoa huduma kwenda duniani, na hapo huna la kufanya.

Zima data ya simu (isipozimwa itakudanganya, kwa sababu simu itahamia kwenye data kimyakimya), ubaki na waifai peke yake. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta: 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwa ruta nyingi, 192.168.100.1 kwa vifaa vingi vya faiba vya Huawei, 192.168.8.1 kwa ruta za Huawei za laini. Anwani sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Ukurasa wa kuingilia ukifunguka huku intaneti haipo, kipande cha kwanza ni kizima. Usipoteze muda kubadilisha nenosiri la waifai.

Mwenye kompyuta ya Windows ana kipimo kizuri zaidi. Tafuta cmd, fungua madirisha mawili meusi. La kwanza andika `ping -t 192.168.1.1` (weka anwani ya ruta yako), la pili `ping -t 8.8.8.8` (hiyo ni seva ya Google, iliyo nje kwenye intaneti). Yaache yakimbie hadi mtandao ukate, kisha tazama:

- Yote mawili yamesimama: tatizo ni waifai, au ruta yenyewe imezima.
- La kwanza linaendelea, la pili linaandika *Request timed out*: tatizo liko kwenye faiba, laini, akaunti au kwa mtoa huduma.
- Yote yanaendelea lakini kurasa hazifunguki: ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), na hiyo inatibika kwa dakika mbili.

Dalili: taa zote zinazimika, kisha ruta inawaka upya yenyewe

Hapa mshukiwa wa kwanza ni umeme, na ndani ya umeme mshukiwa wa kwanza ni adapta. Adapta iliyochoka haifi ghafla. Inatoa umeme wa kutosha ruta ikiwa imetulia, kisha inaishiwa nguvu watu wanne wakianza kutazama video kwa pamoja, na ruta inajiwasha upya. Ndiyo maana kipimo cha multimita kinaweza kukuonyesha volti 12 kamili adapta ikiwa haina mzigo, ukaamini ni nzima.

Anza na vyepesi. Chomeka ruta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni. Shika kile kichwa cha duara kinachoingia kwenye ruta ukitikise polepole. Taa zikipepesa, tundu au waya umelegea. Gusa adapta: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa huwezi kuishikilia kwa sababu ya moto, au inanuka plastiki, iondoe.

Ukinunua nyingine, soma kibandiko cha ile ya zamani. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue: ruta inayotaka 12V 1.5A itafanya kazi na adapta ya 12V 2A, lakini ya 12V 0.5A itakurudisha palepale. Angalia pia alama ya duara yenye + na −. Nyingi zina + katikati, na ya kinyume inaweza kuua ruta. Kichwa kuingia kwenye tundu si uthibitisho wa chochote. Kuna adapta za king'amuzi, za redio na za kamera zenye kichwa kilekile na volti tofauti.

Baada ya adapta, fikiria umeme wa nyumba. Taa za nyumbani zikififia friji au pampu ya maji inapowaka, ruta nayo inayumba. Dawa ni UPS ndogo ya DC (betri inayoilisha ruta umeme ukiyumba), ile ya ukubwa wa kitabu. Nyingi zina matundu ya volti 5, 9 na 12, na hapa ndipo ruta nyingi huungua: mtu anachomeka ruta ya volti 9 kwenye tundu la 12. Weka alama ya rangi kwenye tundu lako. Ile kinga ya friji, kwa upande mwingine, si ya ruta. Inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, na mtu anadhani ni intaneti inayochelewa.

Joto ni la tatu. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi katika chumba kisichozidi nyuzi joto 40. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya kabati la TV lenye kioo, juu ya king'amuzi kinachochemka, kiwango hicho kinavukwa kirahisi. Dalili yake ni ruta kukata alasiri na kutulia usiku. Itoe kabatini, isimamishe wima kama ina mguu, futa vumbi kwenye matundu kwa brashi kavu. Kitambaa cha kufuma juu ya ruta kinapendeza, lakini kinaziba pumzi.

Adapta mpya, soketi nzuri, ruta ina ubaridi, na bado inajizima? Ubao wa ndani umechoka. Ruta ya mtoa huduma irudishe ibadilishwe, usiifungue.

> Tahadhari. Usifungue adapta. Ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Soketi iliyoungua, inayotoa cheche au yenye rangi ya kahawia ni kazi ya fundi umeme. Zima swichi kuu, na soketi hiyo usiitumie tena.

Dalili: taa ya LOS ni nyekundu

Hii ni kwa wenye faiba. LOS nyekundu, inayowaka au kupepesa, maana yake mwanga kutoka kwa mtoa huduma haufiki kwenye kifaa, au unafika ukiwa hafifu mno. Kuzima na kuwasha hakutarudisha mwanga. Kama LOS ilizimika yenyewe baada ya kuwasha upya, basi ni kwa bahati au kwa sababu uligusa waya, na hiyo ya pili ni dokezo kubwa.

Sababu ya kawaida kuliko zote iko ndani ya nyumba: waya mwembamba wa faiba umebanwa na mguu wa kochi, umepindwa kwenye kona ya mlango, au umefungwa kwa zip tai ikakazwa. Ndani ya waya ule kuna uzi wa kioo. Ukikunjwa sana, mwanga unavuja pembeni hata kama uzi haujavunjika. Ufuate waya kwa macho kuanzia kwenye ruta hadi unapoingilia ukutani. Mzunguko wowote uwe na upana usiopungua sentimita 6. Waya wa ziada uzungushe kwa ulegevu, usiufunge fundo.

Pili, kichwa cha kijani. Kinatakiwa kuingia hadi kilie "tik". Wanaofagia chini ya meza hukivuta kidogo bila kujua, kikabaki nusu. Kisukume taratibu. Kijani huingia kwenye tundu la kijani tu: sura ya kichwa hicho imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, na cha bluu kimekatwa wima, kwa hiyo ukivichanganya havigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea.

Tatu, uchafu. Chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kufunika njia ya mwanga. Usipulize kwa mdomo, usifute kwa kanga wala fulana, na usitumie dawa ya kutakasa mikono, inaacha utando. Fundi hutumia karatasi maalumu isiyoacha nyuzi na pombe ya isopropili. Kama huna, kiache kichwa mahali pake.

Nne ni nje: mti umeangukia waya, lori refu limeupitia, au wachimbaji wa bomba la maji wameukata. Uliza jirani mwenye mtoa huduma uleule. Akiwa naye ana LOS nyekundu, kazi yako imeisha. Ripotini wote, kila mmoja na namba yake ya akaunti.

Kuna hali moja inayosumbua kuliko kukatika kabisa: LOS inakuja na kuondoka. Inakata mlango ukifungwa, au mvua za masika zikianza, au jua likiwa kali. Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya taarifa za optiki, usome namba ya RX (nguvu ya mwanga unaopokelewa). Vifaa vingi vya GPON (aina ya faiba ya nyumbani) vimeundwa kupokea kati ya −8 na −27 dBm. Namba ya −18 au −21 ni nzuri. Ukiona −26 au −27, uko ukingoni kabisa: kitu kidogo tu, kiungo kilichoingia maji au waya kutanuka kwa joto, kinakuangusha. Iandike asubuhi, mchana na wakati wa mvua. Namba hizo tatu zina uzito kuliko kumwambia mhudumu wa simu kwamba "mtandao unasumbua".

> Tahadhari. Usichungulie ndani ya kichwa cha faiba wala tundu lake. Mwanga wake hauonekani kwa macho, kwa hiyo hutajua kama upo. Waya uliokatika usiuunge kwa selotepu, hautafanya kazi; huungwa kwa mashine inayoyeyusha kioo. Vipande vyake ni vya kioo chembamba kuliko unywele, vinachoma na kubaki kwenye ngozi, kwa hiyo watoto wasivishike. Na nguzo yenye faiba mara nyingi ina umeme pia. Usipande.

Dalili: taa ya PON (ya mawasiliano ya faiba) ni ya kijani, LOS imezima, lakini hakuna intaneti

Mwanga unafika, ila mtoa huduma hakuruhusu upite. Angalia malipo kwanza, bila kuona aibu. Kifurushi cha siku 30 hakimaliziki tarehe ileile kila mwezi, na wengi hushangaa siku moja kabla.

Kama umelipa, inawezekana jina na nenosiri la PPPoE (vya kuingilia kwa mtoa huduma) vimefutika, na hapo mara nyingi mkosaji ni pini. Kile kitundu kidogo kilichoandikwa Reset si cha kuwasha upya. Ukikishikilia kwa sekunde 10 hivi kinarudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na kufuta mipangilio aliyoiweka fundi. Kwenye kifaa cha faiba, hiyo ni tiketi ya kukaa bila intaneti hadi mtoa huduma airudishe. Tumia swichi ya Power.

Dalili: ruta ya laini (4G au 5G) inakata au inazunguka tu

Bando liangalie kwanza, na liangalie vizuri. Vifurushi vingine vikifika kiwango fulani cha GB havikatwi, vinapunguzwa kasi, na mtu anaona kama ruta inakufa. Kisha toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe. Laini ndogo iliyowekwa kwenye fremu ya plastiki hucheza ndani ya tundu, na kila ruta ikiguswa inapoteza mawasiliano.

Baada ya hapo ni mawimbi. Vile vijiti vya nguvu ya mawimbi havisemi mengi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR. RSRP ya −80 dBm ni nzuri sana, −95 inatosha, −105 ni dhaifu, na ikishuka chini ya −115 tegemea kukatikakatika. SINR inapima usafi wa mawimbi dhidi ya kelele: juu ya 13 ni vizuri, chini ya 0 ni vurugu. Unaweza kuwa na RSRP nzuri na SINR mbaya, na hapo kusogea karibu na mnara hakusaidii. Tafuta pembe ambapo ukuta wa nyumba yako unaziba mnara wa pili unaoingiliana.

Hamisha ruta dirisha kwa dirisha. Kila mahali subiri dakika mbili namba zitulie, andika, songa. Mita moja tu inaweza kubadilisha mambo. Epuka nyuma ya TV, karibu na friji, na ukuta au dari ya mabati, kwa sababu bati linarudisha mawimbi. Chumba cha juu chini ya paa la bati si lazima kiwe bora kuliko dirisha la chini linalotazama mnara.

Ikiwa inakata sekunde chache na kurudi, mara kwa mara, huenda ruta inarukaruka kati ya minara miwili au kati ya 3G na 4G. Kwenye mipangilio ya mtandao, toa "Auto" uweke 4G pekee. Na ikiwa ni saa moja hadi saa tano usiku tu, kila siku, ni msongamano wa mnara. Namba za mawimbi zitabaki nzuri huku kasi ikianguka. Hakuna antena ya kununua itakayotibu hilo. Jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kutumia pesa.

Dalili: simu moja inapata, nyingine inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti"

Kama vifaa vingine vinapata kwa wakati huohuo, mtoa huduma hana kosa. Kwenye simu inayosumbua, sahau mtandao huo kisha ujiunge upya, zima VPN, angalia kama tarehe na saa ni sahihi, kwa sababu simu yenye tarehe ya mwaka jana hukataa karibu kila tovuti. Kwenye Android, angalia DNS ya Faragha: kama kuna mtu aliandika anwani ya kuzuia matangazo na huduma hiyo haipo tena, simu inakwama. Irudishe iwe ya kiotomatiki.

Kama vifaa vinabadilishana zamu, leo hiki kesho kile, tafuta ruta ya pili. Hili ni la kawaida sana kwenye nyumba za kupanga na fremu za biashara: mtu ameleta ruta yake ya zamani ili aongeze waifai, akaunganisha kebo kwenye matundu ya LAN kwa LAN, na sasa ruta mbili zinagawa anwani. Anayepata anwani kutoka kwa ile isiyo na intaneti anabaki njiani. Ingia kwenye ruta ya pili, zima DHCP (huduma ya kugawa anwani), na uipe anwani yake isiyogongana na ya kwanza, mfano 192.168.1.2. Angalia pia kebo isiyo na kazi ambayo ncha zote mbili zimechomekwa kwenye ruta hiyohiyo. Mtoto "akitengeneza" hivyo, mtandao wa nyumba nzima unaweza kuganda na taa za LAN zikapepesa kama zimepagawa.

Ikiwa `ping` ya 8.8.8.8 inapita lakini kurasa hazifunguki, badilisha DNS kwenye ruta: weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8.

Dalili: waifai yenyewe inapotea au inakata ukiingia chumbani

Nyumba ya matofali ya saruji yenye nondo inakula mawimbi. Mtandao wa 5 GHz una kasi lakini hauvuki kuta mbili, wa 2.4 GHz unafika mbali lakini umejaa majirani. Kwenye ghorofa zenye wapangaji wengi, kwa 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 pekee, kwa kuwa ndizo zisizopandiana, na upana wa 20 MHz. Programu ya kupima waifai kwenye simu itakuonyesha ipi ina watu wachache. Ruta ikae juu na katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu, kioo kikubwa na tangi la maji.

Kuna moja ambayo mafundi wengi huikosa. Jina la 5 GHz linapotea kabisa kwa dakika moja au zaidi, kisha linarudi, huku 2.4 GHz ikiendelea bila shida. Tazama chaneli. Chaneli 52 hadi 144 zinatumika pia na rada, na ruta ikidhani imesikia rada inalazimika kuhama, na mara nyingi husikiliza kwanza chaneli mpya kabla ya kurusha. Hili huwapata zaidi wanaokaa karibu na uwanja wa ndege au bandari. Iweke kwa mkono kwenye 36, 40, 44 au 48.

Dalili: mtaa mzima hauna

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Siku kama hiyo taa zote za ruta ni za kijani. Tovuti za nje zinakwama, na zile chache ambazo seva zake ziko hapahapa nchini zinafunguka. Usibonyeze Reset.

Unapopiga simu kwa mtoa huduma

Kuwa na namba ya akaunti, namba ya utambulisho ya kifaa iliyoko kwenye kibandiko (S/N), picha ya taa wakati wa hitilafu, saa zilizokatika kwa siku mbili au tatu, na namba za RX au RSRP. Kabla ya kupiga, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ujaribu intaneti, kisha sema umeshajaribu kwa kebo. Mhudumu ataanza na swali hilo. Omba namba ya tiketi.

Fundi wa faiba akija, mwombe apime mwanga kwa mita yake mahali pawili: kwenye kichwa kinachoingia kwenye ruta, na kwenye kiboksi cha ukutani au cha nje. Tofauti ikizidi dB 1 au 2, waya wa ndani ndio mbovu na anaweza kuubadilisha papo hapo. Zikifanana na zote ni mbaya, ni ya nguzoni, asikuuzie ruta mpya.

Radi ikianza, chomoa adapta pamoja na kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya paa, kabla ngurumo hazijakaribia. Ngurumo zikishakuwa juu ya nyumba, usiguse tena adapta wala kebo.